Kabla ya Kununua Pampu ya Oili ya Presha Kubwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwenye Lori la Dizeli

Lori likikataa kuwaka, pampu ndiyo hulaumiwa kwanza. Nimeyaona hayo Tororo, nikayaona Iganga, na mimi mwenyewe niliwahi kulipia pampu nzima kwa kosa lililotoka kwenye oringi moja, pete ndogo ya mpira ya kuzuia uvujaji. Naandika kwa ajili ya mwenye lori moja au mawili, yule ambaye lori likilala gereji siku kumi, ada ya shule ya watoto nayo imelala. Kazi hii inaweza kufanywa kwa gharama ya kubebeka, ila gharama hiyo huamuliwa kabla spana haijagusa bolti ya kwanza.

Tuelewane kwanza ni pampu ipi. Ukifika Soko la Kisekka pale Kampala ukasema unataka pampu ya presha, muuzaji atakutolea pampu ya dizeli, ile inayopeleka mafuta kwenye nozeli. Siyo hiyo. Kuna injini ambazo oili yenyewe ya injini ndiyo inayosukuma injekta, yaani vifaa vinavyopuliza dizeli kwenye silinda, na pampu ninayoizungumzia ni ile inayoipa oili hiyo presha. Ford Power Stroke ya lita 7.3 ni mojawapo, na ile ya lita 6.0 iliyoifuata. Zipo pia International DT466E, Caterpillar 3126, na Isuzu 4JX1 iliyofungwa kwenye Bighorn. Katika 7.3, oili inahitaji kufika karibu psi 500 ndipo injini iwake, na ikiwa na mzigo mlimani inapanda hadi kwenye psi 3,000. Tairi la lori hujazwa kama psi 120, kwa hiyo piga hesabu: ni mara 25 ya tairi. Ndani ya injekta, pistoni huizidisha nguvu hiyo mara saba, na dizeli inatoka kwa presha inayokaribia psi 21,000. Oili chafu, oili pungufu au oili feki katika injini hizi haisubiri miaka ili ikuumize. Inakuzimia lori asubuhi ileile.

Tarakimu nitakazotaja ni za 7.3, kwa sababu ndiyo injini niliyoishika kwa mikono yangu. Lori letu ni F-350 ya 2001 iliyotufikia baada ya mradi mmoja wa visima kufunga kazi zake upande wa Soroti. Mwenye 3126 au 4JX1 afuate kitabu cha injini yake, ingawa mpangilio wa kufikiri ni uleule.

Lilipoanza kusumbua, lilikuwa linawaka vizuri likiwa baridi. Likishapata moto, ukilizima Iganga ukanywa chai, haliwaki tena mpaka lipumzike saa nzima. Dalili hiyo inasema kitu. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na panapovuja panavuja zaidi, presha haifiki. Lakini haisemi panapovuja ni wapi. Mimi nikaruka moja kwa moja hadi kwenye pampu, nikanunua. Tulipoifunga, lori likabaki vilevile. Fundi mmoja mzee wa Mbale akaniambia, "Mwanangu, umekunywa dawa ya malaria kabla ya kupimwa damu." Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo anza na vipimo visivyo na gharama. Chomoa kijiti cha oili utazame kiwango lori likiwa mahali tambarare. Injini hii inabeba zaidi ya lita 14 pamoja na filta, na dereva aliyezoea lori la lita nane anaweza kuongeza kidogo akadhani amejaza. Kisha fungua kizibo cha juu ya tangi dogo la oili lililo juu ya pampu, pale mbele ya injini. Oili inatakiwa ionekane karibu na mdomo. Ukikuta limekauka asubuhi baada ya lori kulala, au mshale wa presha ya oili kwenye dashibodi haunyanyuki unapopiga stata, tatizo liko chini zaidi, kwenye pampu ya kawaida ya oili au njia zake. Pampu ya presha kubwa haiwezi kusukuma kitu ambacho haikuletewa.

Angalia betri. Ziko mbili, na ikiwa moja imekufa inaivuta na mwenzake. Volti zikishuka chini ya 10 wakati wa kupiga stata, kompyuta na kifaa kinachofyatua injekta havifanyi kazi sawasawa, na stata ikizunguka kwa uvivu presha haipandi. Nimeona mtu akiagiza pampu huku betri zake zina miaka mitano.

Kisha tazama mshale wa mizunguko ya injini unapopiga stata. Ukibaki umelala kwenye sifuri kabisa, ishuku sensa ya kamshafti, ile inayoiambia kompyuta injini inazunguka na imefika wapi, kabla ya kitu kingine chochote. Sensa hii katika 7.3 ina sifa ya kufa ghafla njiani, bila kuaga, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu. Kila mwenye injini hii awe na moja ya akiba ndani ya kebini, na spana yake. Kuitoa ni bolti moja tu.

Inafuata sensa ya presha ya oili ya injekta. Chomoa soketi yake ya waya. Ukikuta oili ndani ya soketi, sensa inavuja, ibadilishe. Ukichomoa na lori likawaka au likatulia, maana yake kompyuta imeacha kusikiliza taarifa ya uongo na inatumia kipimo chake cha kukisia. Hapo pia pampu haina hatia.

Sehemu inayohitaji subira ni regyuleta ya presha, valvu inayoongozwa na kompyuta kupandisha au kushusha presha ya oili, ile iliyofungwa pembeni ya pampu yenyewe. Ina oringi zake na chujio dogo, na nati yake ya nyuma hulegea kwa mtikisiko wa barabara zetu. Seti ya oringi zake ni bei ya chakula cha siku mbili. Ikiwa kuna fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mlipe akusomee mambo mawili wakati stata inapigwa: presha ya oili, na asilimia ambayo kompyuta inaiamuru regyuleta. Injini ikiwa nzima na imetulia, asilimia hiyo hucheza kati ya 9 na 14 hivi. Ukiona inapanda hadi 65 huku presha haifiki 500, kompyuta imeomba kila kilichopo na bado haipati. Sasa ndipo swali linakuwa moja: pampu imechoka, au oili inatorokea kwenye silinda hedi?

Jibu lake hupatikana kwa kuziba. Kutoka kwenye pampu zinatoka hosi mbili, kila moja inakwenda kwenye hedi yake. Unaondoa hosi ya upande mmoja, unaweka kizibo cha chuma kinachostahimili presha hiyo, unapiga stata na kusoma. Presha ikipanda, uvujaji uko upande uliouziba, mara nyingi kwenye oringi za injekta. Ikibaki chini, geuza upande, ila sensa ya presha iko kwenye hedi ya kushoto, kwa hiyo ukiziba upande huo soma kwa geji iliyofungwa upande wa pampu. Ziba zote mbili: pampu ikishindwa kupandisha presha hata ikiwa haina pa kuipeleka, na regyuleta umeshaibadilishia oringi, basi pampu imekwisha kweli. Kwetu sisi presha ilipanda tulipoziba upande wa kulia. Injekta moja upande huo ilikuwa na oringi iliyokatika, na pampu ya zamani niliyokuwa nimeitoa bure ikakaa stoo.

Hapa nasimama niseme jambo la usalama, na nalisema kwa uzito wote. Usitafute uvujaji wa oili hii kwa kupapasa kwa mkono. Mchirizi mwembamba wa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, mtu anakifunga kitambaa na kuendelea na kazi, kumbe oili imeingia ndani ya nyama na kidole au mkono unaweza kupotea. Likitokea, nendeni hospitali yenye upasuaji saa ileile na mseme wazi kilichoingia. Tumia kipande cha karatasi ngumu kutafutia, vaa miwani, na mweleze taniboi pia. Yeye ndiye huinama karibu zaidi.

Ukishathibitisha kwamba ni pampu, usikimbilie kulipa bado. Kata filta ya oili ya zamani kwa kifaa cha kukatia filta, si msumeno unaomwaga chembe zake za chuma, ukunjue karatasi yake juani. Ukiona chembe za chuma zinazong'aa, au sumaku ikizishika, pampu imejisaga na taka zake zimeingia kwenye njia za oili. Kufunga pampu mpya bila kusafisha njia hizo, hosi na regyuleta ni kuiua pampu ya pili. Karatasi ikiwa safi, kazi yako ni nyepesi zaidi na unaweza kufikiria njia ya bei nafuu.

Njia hizo ni nne: kubadilisha sili na oringi za pampu yako mwenyewe, kununua iliyofanyiwa ukarabati, kununua mtumba, au kuagiza mpya. Pampu inayovuja kwa nje tu, ikilowesha bonde la katikati ya injini huku presha yake ni nzuri, inahitaji sili, haihitaji mrithi. Ya mtumba mimi naiogopa. Huwezi kujua imefanya kazi miaka mingapi wala ilikunywa oili gani. Ukilazimika kuinunua, izungushe kwa mkono uone kama inakwaruza, tikisa shafti uone mchezo wake, na nusa ndani kama kuna harufu ya oili iliyoungua. Ya ukarabati ni nzuri ikiwa aliyeikarabati anaweza kuipima. Karakana nyingi za Kampala zina mashine ya kupimia pampu za dizeli, lakini hii ni ya oili, kwa hiyo uliza waziwazi: "Hii mmeipima kwa oili, ikafika presha gani?" Asiye na jibu, muage kwa adabu. Unayeagiza mpya kutoka nje, hesabu nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kufurahia bei uliyoiona. Kumbuka pia kwamba punguzo wanalotoa wauzaji wa Marekani kwa kurudisha pampu ya zamani halikusaidii; nauli ya kuirudisha inalimeza.

Namba iliyochongwa kwenye pampu yako ipige picha, uende nayo dukani. Za miaka ya mwanzo zina sahani ya ndani yenye mwinamo wa nyuzi 15, za baadaye 17. Risiti iandikwe namba hiyo pamoja na siku za kurudisha, na mkubaliane kabla ya pesa kutoka mkononi. Wengi wanauza kwa sharti la "ikifungwa hairudi", na ni haki yao kulisema, ila ulisikie kabla.

Vitu vya kukusanya kabla ya siku ya kazi: oili ya 15W-40 ya kutosha injini nzima na lita mbili zaidi, filta mpya, gasketi ya pampu, silikoni isiyoharibiwa na oili, oringi za hosi, soketi ya milimita 18, kifaa cha kuchomolea hosi, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Oili inunue kwenye kituo cha mafuta unachokiamini, kizibo kikiwa hakijaguswa. Oili feki au iliyochoka hutoa povu, na povu halipandishi presha. Bolti ya gia ya pampu inafikiwa kupitia kifuniko kidogo cha mbele na hukazwa kwa futi-pauni 95. Isikazwe kwa makisio ya bega la fundi. Habari njema ni kwamba hakuna kupanga taimingi, kwani kompyuta ndiyo inayoamua injekta ifyatue lini. Fundi akikutoza pesa ya kupanga taimingi ya pampu hii, muulize anapanga nini.

Osha injini siku moja kabla, ikauke. Vumbi letu la murramu ni adui mkubwa kuliko kutu, na punje moja inatosha kukwaruza pampu au kukwamisha regyuleta. Kila tundu unalofungua lizibwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Ikiwa ni miezi ya mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, tafuta gereji yenye paa. Turubai lililofungwa kwenye mwembe halitoshi. Bei ya ufundi ikubaliwe kwa kazi nzima, ikiwa ni pamoja na kutoa hewa na kulijaribu lori barabarani, na betri zichajiwe usiku uliotangulia kwa sababu umeme hauna ahadi.

Jaza tangi dogo la oili kwa mkono kabla ya stata. Piga sekunde 15, pumzisha dakika mbili, rudia. Likiwaka litatetemeka na kukohoa, kwa sababu hewa bado imo ndani ya oili, na inaweza kuchukua makumi ya kilomita kuisha. Usilipakie. Lipeleke tupu kutoka Tororo hadi Mbale na kurudi, ukiwa na oili ya akiba na spana ndani ya kebini, kisha lizime likiwa na moto, mnywe chai, na uliwashe tena.