Jinsi ya kuisoma styca, sarafu ndogo ya Northumbria

Styca ni kisarafu cha aloi ya shaba, upana milimita 12 au 13, uzito gramu 1 hivi, kilichogongwa mjini York, katika ufalme wa kale wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza ya leo, karne ya 9. Juzi nimemsaidia rafiki aliyekwama na moja. Tulifuata hatua hizi.

1. Usiisafishe. Siki, limau, brashi ya waya, weka mbali vyote. Ukikwangua kutu, herufi nazo zinaondoka.

2. Piga picha pande zote mbili, taa ikimulika kutoka ubavuni. Flashi inafifisha herufi.

3. Tafuta maandishi yanapoanzia. Hapa ndipo watu wanapopoteza jioni nzima. Ukingoni mna msalaba mdogo, na jina huanzia hapo. Usiuchanganye na ule wa katikati, ambao ni pambo tu. Pengine hapo katikati pana nukta au duara badala ya msalaba. Soma kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Neno lisipopatikana, rudi kinyume, maana baadhi ya mihuri ya kugongea sarafu ilichongwa kinyumenyume. Hata katika jina lililonyooka, herufi moja inaweza kuwa imegeuka au kulala, na nyingine ikawa ya kiruni, yaani alfabeti ya kale ya Ulaya kaskazini. U huandikwa V, na W mara nyingi ni VV. Mfalme Æthelred usimtafute kwa tahajia ya vitabuni, tafuta EDILRED. Kwa hiyo chukua penseli, chora duara, nakili kila alama kama ilivyo kabla hujawaza jina lolote. Programu za simu za kutambua sarafu sizitaki kabisa kwa kazi hii. Ukishapewa jina, jicho litaliona hata pasipo na kitu.

4. Tafuta cheo. REX ni mfalme: Eanred, Æthelred II, Redwulf au Osberht. AREP ni askofu mkuu, mfano Wigmund, kwani nao walitoa sarafu. Upande usio na cheo una jina la mfua sarafu: Monne, Fordred, Leofthegn. Ukimpata Redwulf, furahi. Alitawala muda mfupi sana, mnamo 844.

5. Linganisha na hifadhidata ya Makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge. Ni bure, na naiamini kuliko maelezo ya wauzaji.

Styca za miaka ya mwisho, kabla Wavikingi hawajaiteka York mwaka 866, nyingi zina herufi zisizounda jina. Hizo ziandike “hazisomeki”, na usizilazimishie mfalme.