Jinsi ya kufatilia vita ya makundi Bunge la Ulaya uchaguzi ukishaisha

Usiku wa matokeo we lala tu, mechi yenyewe inaanza wiki zinazofata. Nachukua mfano wa 2024 maana ule ulikua na vituko.

Kwanza shika namba. Viti ni 720, na kumpitisha rais wa Kamisheni (ndo kama serikali ya Umoja wa Ulaya) zinatakiwa kura 361. Kundi ni vyama vya nchi tofauti vilivyoungana bungeni, na kuliunda unatafuta wabunge 23 kutoka nchi 7, na hapo kwenye nchi 7 ndo watu wanakwama, maana wabunge unaweza kuwa nao wengi toka kwenu ila nchi saba ni kubembelezana. AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia Ujerumani, ilitimuliwa na wenzake kwenye kundi lake la zamani Mei kabla hata ya kura, ikazunguka kuokota watatu Poland, mmoja Hungary, mmoja Ufaransa, mpaka Julai ikafikisha watu 25 toka nchi 8. Pumzi ikarudi.

Afu angalia nani anahama. Orbán wa Hungary na Babiš wa Czech na wale wa Kickl wa Austria walitangaza kundi jipya Vienna tarehe 30 Juni, siku chache mbele Vox wa Hispania wakalikimbia kundi la Meloni wa Italia wakaja, watu wa Le Pen wa Ufaransa nao wakaja, ghafla wako 84, kundi la tatu kwa ukubwa! Kundi la Macron, rais wa Ufaransa, lililompoteza Babiš likabaki na 77, nafasi ya tano.

Sasa usiingie mkenge kwa ukubwa. Kundi linakupa hela, wafanyakazi, muda wa kuongea na uenyekiti wa kamati, ila uenyekiti mwisho unapigiwa kura, na wale 84 walipigwa chini kila mahali, hawakupata kamati hata moja wala unaibu spika. Wa Meloni walikuwa 78 tu lakini wakachukua manaibu wawili, na kamati ya bajeti na ya kilimo juu. Kwahiyo uliza nani anakubalika mezani, sio nani ana watu.

Mwisho subiri kura ya siri ya rais wa Kamisheni. Von der Leyen, aliyekuwa anautaka urais huo tena, alipata 401 tarehe 18 Julai. Jumlisha makundi matatu yaliyokubaliana kumbeba: la kulia-kati 188, la wasoshalisti 136, la Macron 77. Inatoka 401 kamili, safi kabisa, ila Kijani (kundi la watetezi wa mazingira) nao walishasema wanampa zao na walikuwa 53, so humo ndani kuna watu kibao waliomchekea usoni afu kwenye kisanduku wakamgeuka.