Somo: Kusikilizana wodini kwa michezo ya papo kwa papo

Niondoe hofu kwanza: hakuna atakayeambiwa apande jukwaani achekeshe watu. Michezo hii, ambayo watu hutunga maneno na vitendo palepale bila kuandikiwa, ilikuzwa na Viola Spolin, aliyeitumia kule Chicago kuwafundisha watoto wa wahamiaji, na mwanawe Paul Sills akawa miongoni mwa waasisi wa kikundi cha vichekesho cha The Second City mwaka 1959. Baadaye Katie Watson wa Chuo Kikuu cha Northwestern akaipeleka kwa wanafunzi wa udaktari, ili wajizoeze kusikia mpaka mwisho wanachoambiwa na kujua la kusema jambo linapogeuka ghafla.

Sisi wa Lamu tuna sababu ya ziada. Mgonjwa hutoka zahanati ya kisiwani, akavushwa kwa boti, akapokewa gatini, ndipo akafika wodini. Kila anayempokea hupokea na maelezo. Yakipungua njiani, aliye wodini hubaki kukisia.

Tafuteni watu sita hadi kumi na dakika ishirini hivi, verandani panatosha. Simu ya zamu ibaki na mtu mmoja. Matroni na daktari wacheze pia. Mkubwa akikaa pembeni na daftari, wengine watacheza kwa kumwogopa.

Hatua ya 1: Kioo. Wawili wawili, uso kwa uso. Mmoja asogeze mikono polepole, mwenzake amfuate. Badilishaneni, kisha msonge mbele. Huku ni kupasha misuli tu.

Hatua ya 2: Neno la mwisho. Hapa msiharakishe. Kila sentensi ianze na neno la mwisho la mwenzako:

“Mama wa kitanda cha nne hakulala, analalamika kichwa.”
“Kichwa kilimwanza jana au leo?”
“Leo, na anasema macho yanamfanyia ukungu.”
“Ukungu! Presha yake imepimwa?”

Jambo zito limekuja mwishoni. Maumivu ya kichwa na macho kuona ukungu kwa mjamzito ni dalili za hatari, lakini msikilizaji mwenye haraka angekwisha kujibu “mpe panado” tangu aliposikia kichwa. Anayetunga jibu huku mwenzake bado anasema, mchezo huu humuumbua palepale, maana neno la mwisho limempita. Mwacheni acheke, arudie.

Hatua ya 3: “Ndiyo, na…” Toeni tatizo dogo, mathalan ndugu wa mgonjwa wamejaa wodini. Duru ya kwanza kila mtu ajibu kwa “lakini”, duru ya pili kwa “ndiyo, na”. Duru ya kwanza kwa kawaida hufa upesi.

Hatua ya 4: Agizo na itikio. Nahodha akisema shusha tanga, baharia huitikia kwa sauti ndipo ashike kamba. Wodini iwe hivyohivyo, na mtu aitwe kwa jina, kwa sababu “mtu alete dripu” haimwiti yeyote. Mfano ni oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kuzaa: “Oksitosini uniti 10, sindano ya paja.” “Oksitosini uniti 10, ya paja, naandaa.” “Sawa.” “Imeingia, saa nane na dakika kumi.” Chezeni kwa kurushiana mpira usiokuwepo, kisha ongezeni mpira wa pili na wa tatu mpaka kelele iwe kama ya chumba cha kuzalishia.

Hatua ya 5: Karata. Kila mtu aweke karata kwenye paji la uso bila kuiona. Mtendeane kulingana na ukubwa wa karata, kana kwamba ndiyo cheo cha mtu, halafu kila mmoja akisie yake. Mwenye karata ya mbili, iliyo ya chini kabisa, hujua mapema mno. Mtu wa usafi akipata karata kubwa na daktari akapata tatu, mazungumzo yatakayofuata ndiyo somo lenyewe. Yapeni nafasi. Ulizeni “ulihisi nini?”, msiulize “nani alikosea?”

Maswali ya washiriki

Muuguzi, Malindi: Mwalimu, daktari akiagiza dawa isiyo sawa, bado niseme “ndiyo, na”?

Jibu: La, dada. “Ndiyo” hiyo ni ya kukubali kwamba umesikia, haikufungi kutii. “Ndiyo daktari, nimesikia penisilini, na kadi yake imeandikwa ana mzio nayo.” Asipojali, rudia mara ya pili kwa sauti. Akikaza, usichome, mwite mkubwa wa zamu.

Mhudumu wa afya ya jamii, Pate: Kwetu wapo wasiopenda kutazamana na asiye maharimu. Hicho kioo tutakifanyaje?

Jibu: Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Au tumieni kioo cha sauti: mmoja aseme polepole, mwenzake aseme naye maneno yaleyale kwa wakati mmoja, hata wakiwa wamepeana mgongo. Mimi naona hicho ni kigumu zaidi, na kinafaa zaidi kwa wanaopokea wagonjwa kwa simu.

Afisa wa kliniki, Lamu: Mkubwa wetu asema haya ni utoto.

Jibu: Basi usiyaite mchezo. Anza na hatua ya 4 siku ya mazoezi ya dharura, ambayo hana sababu ya kuikataa. Karata zisubiri.

Muuguzi, Malindi: Na tunaweza kutumia visa vya wagonjwa wetu?

Jibu: Tungeni. Mji ni mdogo, na verandani watu wanapita.