Taa za nje kwenye modeli ya nishati: mwongozo kwa jengo la Kigoma

Modeli nyingi za nishati (hesabu za kompyuta za umeme utakaotumiwa na jengo) ninazoletewa nikague zina tatizo moja kati ya mawili: taa za nje hazimo kabisa, au zimebandikwa kwenye chumba kilicho karibu kama taa za ndani. Afadhali hata zikosekane. Taa ikiingizwa chumbani, programu inahesabu na joto lake, kisha AC inafanya kazi ya kuondoa joto ambalo kwa kweli linapotelea uani.

Tuchukue nyumba ya wageni ya kufikirika maeneo ya Mwanga, Kigoma mjini. Natumia EnergyPlus, programu ya bure ya Wizara ya Nishati ya Marekani.

Hatua ya 1: Orodhesha taa, usiku

Zunguka kiwanja giza likiwa limeingia. Mchoro wa fundi hauonyeshi taa iliyoongezwa getini mwaka jana. Andika zile tu zinazokula umeme wa mita ya jengo: taa ya barabarani ya manispaa iache, na zile za sola zenye betri yake juu ya nguzo ziache pia.

Andika wati zinazovutwa, si zilizoandikwa kwenye balbu. Kwa LED tofauti ni ndogo. Kwa taa za zamani za gesi zenye choki, balbu ya wati 400 huvuta zaidi ya 440.

Nyumba yetu ina nguzo 6 za maegesho za wati 50, taa kubwa 2 za ulinzi za wati 100, taa 8 za barazani za wati 12 na bango la wati 150.

Hatua ya 2: Zigawe kwa tabia, si kwa mahali

Swali ni nani anazizima na lini. Maegesho na ulinzi zinawaka usiku kucha: wati 500. Baraza na bango zinazimwa saa 6 usiku: wati 246. Basi makundi ni mawili, kila moja na kitu chake cha `Exterior:Lights`, yaani ingizo la EnergyPlus la taa za nje. Kitu hiki hakifungwi kwenye chumba chochote, kwa hiyo hakigusi hesabu ya AC. Kundi la kwanza peke yake ni kama kWh 2,190 kwa mwaka. Lingewekwa ndani, AC yenye ufanisi wa 3 (inaondoa kWh 3 za joto kwa kila kWh 1 ya umeme) ingeweza kuongezewa hadi kWh 730 za uongo.

Hatua ya 3: Ratiba, na jua la Kigoma

Hapa ndipo penye kazi. Tanzania nzima inatumia saa moja, inayofuata longitudo 45 mashariki. Kigoma iko karibu na 29.6, kwa hiyo jua la utosi linafika kama saa 7 na dakika 2 mchana kwa wastani, na linazama kati ya saa 12:50 jioni na saa 1:25 usiku kutegemea mwezi. Dar es Salaam jua linatangulia kwa dakika 39 hivi. Ratiba ya "kuanzia saa 12 jioni" iliyonakiliwa kutoka mradi wa pwani itawasha bango la Kigoma jua bado linawaka juu ya ziwa.

Kwa taa za usiku kucha tofauti hii haionekani, maana giza ni karibu saa 12 kokote nchini. Inauma kwa zile zinazozimwa saa 6 usiku.

Usikisie. Kwenye sehemu ya udhibiti chagua `AstronomicalClock`: programu itazima taa jua likiwa juu, hata ratiba ikisema ziwake. Kwenye ratiba 1 ni kuwaka na 0 ni kuzimwa. Kundi la kwanza lipe ratiba ya 1 siku nzima. La pili lipe 0 kuanzia 00:00 hadi 12:00, kisha 1 hadi 24:00. Jua litakata mchana lenyewe. Kumbuka programu inasoma saa 24, kwa hiyo saa 1 usiku ni 19:00.

Kama hakuna fotoseli (kihisi kinachowasha taa giza likiingia) na mlinzi ndiye anayebonyeza swichi, chagua `ScheduleNameOnly` na uandike saa zake halisi. Wengi huzima wakishakabidhi zamu, si kunapokucha.

Hatua ya 4: Faili ya hali ya hewa

Iwe ya Kigoma. Ukiendesha mwaka mzima, EnergyPlus inafuata latitudo, longitudo na saa za eneo zilizomo kwenye faili hiyo, hata kama kwenye modeli umeandika mahali pengine.

Hatua ya 5: Kagua

Kwenye ripoti ya taa kuna jedwali la `Exterior Lighting`. Angalia saa za mzigo kamili kwa wiki, yaani saa ambazo taa zingewaka kwa wati zake zote. Kundi la kwanza liwe karibu na 84. Ukiona 168, `AstronomicalClock` haijachaguliwa. La pili liwe 34 au 35. Likija 39, kuna uwezekano mkubwa unatumia faili ya Dar.