Kuvua trauti wa kupandikizwa Pennsylvania: kuanzia leseni hadi kikaangoni

Mimi nimekulia Kigoma, kwenye migebuka na dagaa. Usiku wa giza unawasha karabai katikati ya ziwa, dagaa wanakuja wenyewe kama kumbikumbi kwenye taa. Kwa hiyo nilipohamia kaunti ya Lancaster, jirani akaniambia kuna vijito vinavyojazwa samaki kwa lori kila mwaka, nilicheka. Kijito chenyewe unakivuka kwa hatua nane, maji yanaishia magotini. Nikajisemea hapa kazi itaisha kabla ya chai. Siku hiyo nilirudi mikono mitupu, na mtoto wa miaka kama tisa aliyekuwa amesimama pembeni yangu aliondoka na trauti watano, ndio samaki hao wa maji baridi wanaoletwa na lori.

Nilikuja kugundua kwamba kila nilichokileta kutoka ziwani kilitakiwa kupungua: unene wa mshipi, ukubwa wa ndoano, uzito wa chubwi, hata nguvu ya mkono. Mwongozo huu nawaandikia wenzangu wa Lancaster, Harrisburg, Pittsburgh na Erie, ambao najua wengi wenu mmetoka kwenye maziwa makubwa kama mimi. (Wa Nyeri mtanisamehe. Nyie trauti mnao kwenye mito ya Aberdare tangu Waingereza walipowaleta mwaka 1905.)

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Aliyetimiza miaka 16 lazima awe na leseni ya kuvua ya Pennsylvania, na juu yake kibali cha trauti. Hivi ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: mtu ana leseni halali mfukoni, anavua trauti bila kibali, anapigwa faini. Kwa mkazi wa jimbo leseni ya mwaka ni karibu dola 28, kibali karibu dola 15. Unanunua kwa simu au kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Leseni huanza kuuzwa Desemba 1 na inaisha Desemba 31 ya mwaka unaofuata, kwa hiyo ukinunua mapema unaifaidi zaidi kuliko anayengoja Agosti.

Pesa hizo zinakwenda Tume ya Samaki na Boti ya Pennsylvania, ndiyo inayofuga trauti kwenye mabwawa yake na kuwapandikiza, zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Ukiona lori lenye matangi mgongoni limesimama darajani, ujue na wewe umelichangia.

Hatua ya 2: Jua maji yako, na jua yanafungwa lini

Upandikizaji unaanza mwishoni mwa Februari na kuendelea hadi Mei. Tume hutoa ratiba kwa kila kaunti kwenye tovuti yake na kwenye programu yake ya simu: jina la kijito, tarehe, na aina ya trauti. Kwa huku Lancaster mimi huangalia Hammer Creek, Middle Creek na tawi la magharibi la Octoraro. Mwenye watoto wadogo au mzee asiyeweza kushuka kingo za mto aende ziwa la Muddy Run, unakaa kwenye kiti chako cha kukunja na chai yako.

Sasa sikiliza vizuri. Maji yanayopandikizwa trauti hufungwa kuanzia Jumatatu ya tatu ya Februari mpaka siku ya ufunguzi. Kufungwa maana yake hakuna kuvua kabisa, hata ukisema unatafuta samaki wa aina nyingine. Lori linamwaga samaki machoni pako, nawe unaangalia tu. Ufunguzi ni Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa 2 kamili asubuhi. Nasema saa 2 ya kwetu. Kwenye simu yako itaandikwa 8:00, na usije ukaichukulia kama saa 8 mchana ukafika watu wanafungasha. Yupo niliyemwelekeza vibaya namna hiyo, hajanisamehe mpaka leo.

Yako pia maji yenye masharti yake. Kipande kimoja cha Octoraro kiko wazi mwaka mzima, lakini ni chambo bandia pekee, na ruhusa ya kuondoka na samaki inaanza Juni 15. Mabango yamepigiliwa kwenye miti. Yasome yote kabla hujafungua kisanduku.

Jambo jingine la kaunti hii ni kwamba vijito vingi vinapita kwenye mashamba ya watu, wengi wao Waamishi na Wamenonaiti, yaani wakulima Wakristo wanaoshika mila za kale. Ukikuta alama za rangi ya zambarau kwenye miti, hiyo kisheria ni sawa na kibao cha kukataza kuingia. Pasipo na alama, bado mimi hupiga hodi. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa aliniuliza jambo moja tu, kama nitafunga lango nyuma yangu. Ninalifunga. Mwenye shamba akichoshwa na takataka na malango wazi anafunga kipande chake, na lori haliendi tena pale.

Hatua ya 3: Vifaa, na hapa ndipo pa kupunguza

Fimbo fupi na laini, futi 5 au 6, ile inayopinda mpaka katikati ukiitikisa. Kigurudumu kidogo cha mshipi. Mshipi wa pauni 4, yaani nguvu unayohimili kabla ya kukatika, usizidi 6. Mimi siku ya kwanza nilikwenda na wa pauni 20, kwa mawazo ya sangala. Maji ya Hammer Creek mwezi wa nne ni angavu kama ya kwenye glasi. Trauti anaona ule mshipi kama wewe unavyoona kamba ya kuanikia nguo.

Ndoano namba 8 au 10. Ukiiweka kwenye ukucha wa kidole kidogo inakaa. Chubwi ni zile risasi ndogo zenye mwanya, unaibana kwenye mshipi kwa koleo dogo, kama sentimita 40 juu ya ndoano. Anza na moja. Ukifunga fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana mshipi mwembamba ukikazwa mkavu unaungua na kukatika samaki wa kwanza tu.

Chambo: nyungunyungu, mayai ya samaki ya kwenye kichupa, mahindi matamu ya kopo, au ule unga wa rangirangi unaofinyangwa kama ugali na kuelea. Mahindi yanawashangaza wageni, lakini fikiria huyu samaki amekulia wapi. Amekula vidonge vya chakula tangu kifaranga, vikimwagwa juu ya kichwa chake kila siku. Kitu kidogo cha duara kinachoshuka taratibu anakijua kuliko anavyomjua mdudu.

Ongeza gamboti, taulo kuukuu, koleo jembamba la kutolea ndoano, na nguo za baridi kweli. Asubuhi ya Aprili nyasi zina barafu, na vidole vikifa ganzi huwezi kufunga fundo kwenye ndoano ya namba 10.

Hatua ya 4: Siku ya ufunguzi

Fika mapema, saa 12 alfajiri ikiwezekana. Watu wamejipanga kingoni bega kwa bega, kahawa mkononi, hakuna anayegusa maji. Mwaka wangu wa kwanza nilitupa mshipi saa 1 na dakika 50. Nilidhani dakika kumi si kitu. Ukingo mzima uligeuka kuniangalia, na babu mmoja akanionyesha saa yake bila kusema neno. Niliuvuta mshipi polepole, nikiomba Mungu nisije nikapata samaki.

Usiingilie mstari wa mwenzako. Mnapokaribiana hivyo wote mnatupa kwa pembe moja, kimya kimya kama wapiga kasia, la sivyo mishipi inasukana na asubuhi yenu imekwisha.

Utaona pia trauti wa rangi ya papai bivu, anang'aa chini ya maji, na watu kumi wamemzunguka wanamtupia kila kitu. Hawa nao hupandikizwa, lakini ni wachache. Kwa maoni yangu ni samaki wa kupotezea watu muda. Wakati wote wanamwangalia yeye, geukia upande wa pili wa kidimbwi, ndipo waliko wenzake wa kawaida.

Kama una watoto, usianzie Jumamosi hiyo. Jumamosi moja kabla yake ni ya walio chini ya miaka 16 wakiwa na mtu mzima mwenye leseni na kibali. Mtoto naye anahitaji kibali chake, kipo cha bure, na anaruhusiwa trauti wawili. Binti yangu alianzia hapo, pasipo msongamano wala kelele.

Hatua ya 5: Kutupa na kuhisi

Samaki wapya hawasambai haraka. Siku za mwanzo wanabaki karibu na walipomwagwa, yaani karibu na daraja au barabara, kwenye vidimbwi vyenye kina. Baadaye wanahamia nyuma ya mawe na chini ya kingo zilizoliwa na maji. Trauti hukaa uso umeelekea mkondo unakotoka, akisubiri chakula kije. Basi simama chini yake, umtupie juu.

Tupa kwa mshazari kuelekea maji yanakotoka, kisha uache mkondo ufanye kazi. Chubwi inatakiwa kugusagusa changarawe na kuendelea. Ikikwama kila mara ni nzito, punguza. Ikipita bila kugusa chochote ni nyepesi, ongeza risasi moja. Wewe unachofanya ni kukunja mshipi uliolegea tu, ncha ya fimbo ikifuata. Nilihangaika sana na hili, kwa sababu mkono wangu ulizoea kuvuta.

Kuuma kwake si kama mgebuka anayekupokonya. Unahisi kugongwa mara mbili, tk-tk, kama mtu anayebisha hodi kwa ncha ya kidole. Wakati mwingine hata hicho hakipo, mshipi unasimama tu mahali ambapo ungepaswa kuendelea. Hapo inua kifundo cha mkono, kifundo tu, siyo bega. Mdomo wake ni laini, ukivuta kwa nguvu za ziwani unaondoka na ndoano tupu.

Asubuhi wasipokula, usiondoke. Maji baridi yanamfanya mzito na mvivu. Mimi trauti wangu wengi wa Aprili nimewapata kati ya saa 5 na saa 9 mchana, jua likishagusa maji na nusu ya watu wameshakwenda zao.

Hatua ya 6: Ukimpata

Kwenye maji ya kawaida, kuanzia ufunguzi hadi mwanzoni mwa Septemba, ni trauti 5 kwa siku kwa aina zote kwa pamoja, na kila mmoja asipungue inchi 7, kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Wengi wa kupandikizwa wana inchi kama 11. Ukishamtia kwenye kamba amehesabiwa, huruhusiwi kumbadilisha na mkubwa atakayekuja. Ukiwa bado mtoni usimkate kichwa wala mkia, afisa akija anatakiwa aweze kumpima na kumtambua.

Unayemwachia, lowanisha mikono kwanza ili usimwondolee ute wake, na vidole visiingie kwenye matamvua. Aliyemeza ndoano kabisa usimchokoe. Kata mshipi karibu na mdomo umwache aende.

Hatua ya 7: Nyumbani

Beba barafu, nyama ya trauti inalainika upesi. Hana haja ya kuparuliwa, magamba yake ni madogo kama vumbi na ngozi inalika. Pasua tumbo kuanzia nyuma kwenda kichwani, toa matumbo na matamvua. Kisha tazama ndani: kuna mstari mweusi wa damu umelala kwenye uti wa mgongo. Ukwangue wote kwa ukucha wa dole gumba chini ya maji ya bomba. Watu wengi wanaosema trauti ana ladha ya tope hawakuutoa mstari huo.

Mchanje ubavuni mara tatu, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, umwache nusu saa. Mimi ninamkaanga kwa mawese niliyoyapata duka la Wakongo mjini, mke wangu anasema nimeharibu samaki na pia kapeti, lakini sahani yake hurudi na miiba mitupu. Ugali, pilipili ya kuponda, basi. Ushauri wa jimbo ni kula samaki wa kuvua mara moja kwa wiki, nusu pauni hivi kwa mtu mzima, kwa hiyo wengine wagandishe.

Baada ya umati kuondoka

Watu wengi wanavua Jumamosi ile moja na kurudisha fimbo stoo. Angalieni ratiba tena: lori linarudi Aprili na hata Mei kwenye maji mengi, na wakati huo maji hayafungwi. Siku ya katikati ya wiki, baada ya kazi, siku moja au mbili tangu lori lipite, unaweza kuwa peke yako kwenye kidimbwi ambacho wiki chache nyuma kilikuwa na watu thelathini.

Mwezi wa sita maji yakipanda kuelekea nyuzi 20 za Selsiasi, oksijeni inapungua, trauti anachoka, hataki kula, na hata ukimwachia anaweza kufa. Hapo mimi naiacha mito midogo nahamia Susquehanna kwa kambare, na ule mshipi wangu wa pauni 20 unapata kazi yake.