Somo: kutafuta imeji za kontena ukiwa kwa teminali, kabla hujala bando

Salaam wanachama, natumai wazima. Niko hapa Malindi na leo nataka tushughulike na jambo moja tu, kutafuta imeji, yaani kile kifurushi cha programu ambacho Docker hukiwasha kikawa kontena. Manake naona watu wengi mtu akisikia jina la imeji papo hapo anapiga docker pull, amri ya kuvuta imeji, mzigo unashuka mamia ya mega halafu ndo anagundua sio yenyewe, au ni yenyewe lakini haikubali kwa mashine yake. Na sisi huku wengi tunatumia bando la simu, laptopu imeunganishwa hotspot, na nyinyi wa visiwani huko Lamu netiweki ikianza kuyumba hiyo imeji utaisubiri mchana kutwa. Kwa hivyo kabla ya kuvuta chochote ujue mambo manne: ni ya nani, ina tagi gani (lebo ya toleo lake), ina uzito gani, na ni ya prosesa ipi.

Mfano tuchukue mtu ana gesti Amu anataka mfumo wa kubuku vyumba, database yake Postgres.

Hatua ya 1, tafuta jina

docker search postgres

Hii inatafuta Docker Hub, ghala la imeji la Docker mtandaoni, na haihitaji uwe na akaunti. Itakuletea majibu 25, ukitaka zaidi weka --limit 100 na hapo ndo mwisho wake. Utaona safu ya NAME, DESCRIPTION, STARS na OFFICIAL. Sasa hapa tafadhalini sana, msikimbilie nyota. Nyota ni mtu amebonyeza kuwa ameipenda basi, haimaanishi kuna mtu ameifungua akakagua ndani. Wewe angalia OFFICIAL kama ina [OK]. Imeji rasmi jina lake huwa limesimama peke yake, postgres, nginx, alpine, lakini ukiona kuna jina la akaunti halafu mkwaju halafu ndo jina la imeji, jua hiyo ni ya mtu au kampuni na lazima umjue ni nani.

Hili silisemi kuwatisha. Mwaka 2018 Docker Hub iliondoa imeji 17 za akaunti moja iliyojiita docker123321, zilikuwa zimejipa majina ya kawaida kabisa kama tomcat na mysql, kumbe ndani zinachimba sarafu ya Monero kwa umeme na prosesa ya mwenye seva. Na zilikuwa zimeshavutwa zaidi ya mara milioni 5. Samaki sokoni humfunui matamvua kabla hujalipa? Basi na imeji ni vivyo hivyo.

Kuchuja:

docker search --filter is-official=true --no-trunc postgres

Hiyo --no-trunc inaleta maelezo yote bila kukatwa, na maelezo yasome, usiyapite. Jaribu kutafuta centos utaona ina [OK] kabisa lakini maelezo yanaanza na DEPRECATED, yaani imeachwa, haitunzwi tena. Kwa hivyo rasmi peke yake haitoshi.

Hatua ya 2, tagi na uzito

Hapa ndo wengi hukwama kwa sababu docker search haionyeshi tagi hata ukiibembeleza vipi. Mtu anaishia kuvuta latest akidhani ndo mpya kuliko zote, na latest ni jina tu linalotumika usipotaja tagi, mwenye imeji anaweza kuliweka popote. Kwa database hii ni hatari kweli, leo latest ni toleo hili kesho limeruka toleo kubwa linalofuata, kontena inakataa kuwaka kwa sababu mafaili ya data ni ya toleo la zamani, na wageni wako mlangoni wanataka funguo.

Uliza Docker Hub moja kwa moja:

curl -s "https://hub.docker.com/v2/repositories/library/postgres/tags?page_size=100&name=alpine" | jq -r '.results[] | "\(.name) \(.full_size/1000000|floor)MB"'

Neno library ni kwa imeji rasmi, kama ni ya akaunti weka jina la akaunti. Hapo unapata tagi na uzito wake kwa mega, na huo ni uzito ikiwa imebanwa, ndo utakaokula bando, kwa diski itatanuka zaidi. Toa hiyo &name=alpine ulinganishe mwenyewe, za alpine, yaani zilizojengwa juu ya Linux ndogo iitwayo Alpine, huwa nyepesi.

Wa Podman, programu nyingine ya kontena kama Docker, nyinyi mna raha:

podman search --list-tags --limit 200 docker.io/library/postgres

Hatua ya 3, prosesa

docker manifest inspect postgres:16-alpine | grep architecture

Laptopu nyingi na kompyuta za ofisini ni amd64 (prosesa za Intel na AMD), Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64 ni arm64. Ukiona na unknown usishtuke, hizo ni taarifa za jinsi imeji ilivyojengwa. Ikiwa ya mashine yako imo, sasa vuta kwa tagi kamili.

Maswali ya wanachama

Swali (Langoni, Lamu): Mwalimu mimi nikipiga docker search naambiwa permission denied, docker.sock, na ni kutafuta tu sijavuta kitu.

Jibu: Ndio ndugu yangu, hata kutafuta kunapitia huduma ya docker kwa mashine yako. Piga sudo usermod -aG docker $USER halafu utoke kabisa uingie upya. Lakini aliye kwa hilo kundi ana nguvu sawa na root, msimamizi mkuu wa mashine, kwa hivyo kompyuta ya watu wengi usimwekee kila mtu.

Swali (Watamu): Kaka hiyo ya curl inaniambia jq haipo, ile programu inayochambua majibu.

Jibu: sudo apt install jq, kama ni Ubuntu au Debian. Ni kadogo sana.

Swali (Mpeketoni): Na za ghcr.io, ghala la imeji la GitHub, natafutaje? docker search hainipi.

Jibu: docker search inaangalia Docker Hub. Kwa quay.io, ghala jingine, tumia podman search quay.io/prometheus, itakupa. ghcr.io kutafuta kwa neno hutafaulu dada, lakini ukishajua jina kamili la imeji tumia programu ya skopeo, hivi: skopeo list-tags docker://ghcr.io/ kisha umalizie jina, tagi zote zitashuka bila kuvuta imeji.

Swali (Pate): Shikamoo mwalimu. Seva ya madrasa yetu ni Raspberry Pi na huku intaneti ni shida, naweza kuvutia Amu mjini nije nayo?

Jibu: Marhaba. Waweza, tena ndo vizuri. Ila kama laptopu yako ni amd64 basi lazima uitaje prosesa, la sivyo utafika Pate ikupe exec format error, yaani imeji si ya prosesa hiyo, na boti ishaondoka:

docker pull --platform linux/arm64 postgres:16-alpine
docker save -o postgres.tar postgres:16-alpine

Weka hiyo postgres.tar kwa flashi, ukifika piga docker load -i postgres.tar. Na kabla hujapanda boti piga docker image inspect postgres:16-alpine | grep Architecture, ikisema arm64 safiri.