Tongoni kwa mashua bila kutapika

Ukitaka kwenda kuona magofu ya Tongoni kwa mashua kutoka Tanga mjini, anza na nahodha kabla ya dawa. Muulize maji yanajaa saa ngapi. Ufuo wa Tongoni ni mikoko na tope. Maji yakipwa mtabaki nje mmetia nanga, na chombo kinachoyumba papo hapo hulevya kuliko kinachokwenda. Ondokeni asubuhi mapema, upepo haujakaza, hasa msimu wa kusi.

Keti katikati ya chombo, mbali na moshi wa mashine, macho kwenye upeo wa bahari. Simu iwe mfukoni. Picha utapiga kwenye msikiti na yale makaburi ya nguzo. Kula kidogo, mkate mkavu na chai ya tangawizi vinatosha (supu ya pweza isubiri mrudi). Vidonge vya kichefuchefu humezwa kama saa moja kabla ya safari, si mate yakishaanza kujaa mdomoni, na vingi huleta usingizi.

Anayelewa bahari hata kwenye kivuko apande gari tu: ni kilomita 17 hivi, barabara ya Pangani.